Mzee wa Kondoo na Habari Niliyomnyima

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikapitia kwa muuza nyama wangu wa Umoja kununua nusu kilo ya mbavu, kama nifanyavyo kila Jumapili. Muuza nyama huyu ni kijana mcheshi, na habari za mtaa humfikia kabla hazijawafikia wenyewe. "Niaje, mkubwa," alisema. "Umeskia yule buda wa kondoo alituacha? Alhamisi. Ule mguu ndio ulimmaliza." Nikasema pole, nikamwomba apunguze mafuta, nikapokea nyama yangu ndani ya gazeti, nikaenda zangu nyumbani, mtaa wa Tena. Mke wangu alipika, tukala, nikajinyoosha mchana. Nilipoamka nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijaribu kuhisi kitu. Sikuhisi. Nimeshinda hivyo wiki nzima, nimekufa ganzi, watu wananisalimu na mimi naitika, na hata sasa ninapoandika sijui kama safu hii ni ya kumlilia mtu au ni ya kujieleza. Wewe unayenisoma kila wiki utaamua mwenyewe.

Jina lake silitaji. Familia haikuniomba nilitaje, na ukweli ni kwamba wengi wetu tuliomtumia hatukuwahi kulijua. Alikuwa Mzee wa Kondoo, basi. Wakazi wa Umoja, Tena na Kayole mtamkumbuka: mtu mrefu, koti la mvua hata jua likiwaka, na fimbo ambayo sikuwahi kuiona ikimgusa mnyama. Alikuwa Mkamba, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilizaliwa na tamaa yetu sisi watu wa mishahara. Karani wa reli, mwalimu, mpiga chapa, hata mwandishi wa gazeti, kila mmoja alikuwa na kaploti kake huko mbele ya Njiru, na kwa kuwa uwezo wa kujenga haukuwapo, tulifuga kondoo wawili watatu ili nyasi zisiote bure na ili tujiite wakulima mbele ya wakwe zetu. Shida ilikuwa siku ya kumtoa kondoo. Nyama haiingii buchani bila muhuri wa mkaguzi, na muhuri uko kichinjioni, ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Hapo ndipo ungesikia watu wakishauriana: mwite mzee.

Nilipomwita mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini kazi ya kuswaga kondoo mmoja imhitaji fundi. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mjinga mwenye tai. "Wewe mwandishi," alisema, "kondoo si kama mbuzi. Mbuzi unaweza kubishana na yeye njiani. Kondoo akiwa peke yake analala chini. Unamvuta, analala. Unampiga, analala. Anakungojea umuue hapo hapo." Kwa hiyo hakumpeleka kondoo peke yake hata siku moja. Alikuwa na kondoo wake mwenyewe, jike la rangi ya udongo, lililozeeka katika kazi hiyo, na ndilo lililokuwa likitangulia. Yule wa kuchinjwa alifuata nyuma ametulia kabisa, kwa sababu mwenzake alikuwa mbele na hakuwa na wasiwasi. Wakifika kwenye lango la kichinjio, mmoja aliingia na mwingine alibaki nje, kisha mzee na jike lake wakarudi Njiru polepole. Jike hilo alimwita Karani. "Kwa sababu anaenda kazini asubuhi na jioni anarudi," alinieleza, na hakucheka, ikabidi nicheke mwenyewe.

Karani alivaa shingoni kipande cha shuka jekundu. Mwanzoni nilidhani ni urembo, baadaye nikadhani ni mambo ya kinga, yale ya wazee, nikashangaa kwamba mzee wa kanisa anaweza kuwa na imani kama hizo. Sikuuliza. Sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kutouliza mambo madogo. Malipo ya mzee yalikuwa kichwa na miguu minne ya kila kondoo aliyemfikisha, desturi ambayo kila mtu pale aliijua. Mchinjaji mwenyewe alikuwa akivitenga na kuvitia katika mfuko. Mama wa nyumbani kwake alipika supu, na iliyozidi aliwauzia mafundi wa kujenga. Mzee na mkewe waliishi kwa supu hiyo, na Karani ndiye aliyewashikia maisha yao. Kondoo wa kutangulia hanunuliwi sokoni. Mzee aliniambia kwamba alijaribu wengine wawili kabla yake, na wote waliogopa magari.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori katika kampuni moja ya Viwandani. Hilo nililijua siku tuliyokaa pamoja kwenye ukuta nje ya kichinjio, tukingoja. Aliniambia unga wake ulivyomwagika. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya kupunguza watu, ambapo kila ofisi na kila kiwanda kilikuwa na orodha. Yake ilitoka, majina yakajulikana, yeye tu hakuambiwa. Kwa majuma mawili aliendesha lori kama kawaida. Mlinzi wa langoni alikuwa anajua. Wapakiaji walikuwa wanajua. Mkubwa wake, ambaye walikuwa wakisali pamoja, alikuwa anajua, na kila asubuhi alimuuliza hali ya watoto. Kisha Jumatatu moja akafika akakuta kijana mwingine ameketi kwenye usukani, anarekebisha kioo. "Kazi inaisha," mzee aliniambia. "Hiyo siwezi kulia. Kilichoniuma ni kwamba walijua, na wakanisalimu vizuri." Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Nakumbuka nilifikiri kwamba maneno hayo yangefaa katika safu.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka. Mwaka juzi, majuma machache kabla ya Pasaka, mke wangu alitoka hospitali baada ya kulala huko mwezi na zaidi. Tulikuwa tumeshakata tamaa, nikaweka ahadi kwamba akirudi nitafanya sala ya shukrani nyumbani na nitachinja. Nilikuwa na dume zuri kule kwenye ploti. Nikaenda kumwita mzee, nikamkuta ameketi mlangoni mguu wa kulia umevimba, ameupumzisha juu ya debe. Hawezi kutembea. Nikasema nitakodi pikapu. Akakataa. Alisema kondoo aliyefungwa miguu na kurushwa garini hufika nyama ikiwa imeharibika kwa hofu, na hiyo si nyama ya kushukuru Mungu. "Nenda na Karani," alisema. "Barabara anaijua kuliko wewe. Usimfunge kamba, mwache atangulie. Kitambaa kisitoke shingoni. Na ukifika langoni simama naye nje mpaka yule mwingine aingie. Usiende mahali." Nilimwambia, "Nimekuelewa, Mzee." Akarudia tena, "Usiende mahali." Nikakasirika kidogo moyoni, mtu mzima nimeelekezwa mara mbili kama mwanafunzi.

Tuliondoka mapema, kondoo wawili na mwandishi mmoja aliyevaa viatu visivyofaa. Nakiri kwamba nilifurahia. Karani alishika ukingo wa barabara ya Kangundo, akikwepa madimbwi anayoyajua, na dume langu likamfuata kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Watu waliomzoea walimsalimu yeye kwanza. Mama mmoja wa mboga alisema, "Karani, leo umeletewa mkubwa gani?" Nikacheka naye. Taabu ilianza kwenye Outer Ring. Malori yalikuwa yanapiga honi, mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na dume likageuka kutaka kurudi. Karani alikuwa ameshavuka, amesimama upande wa pili akitungoja. Sikuwa na kamba. Nikamwita, akarudi kwetu kwa utaratibu wake, nami nikamfungua kile kitambaa chekundu, nikakifunga shingoni mwa dume, nikakishika sawasawa na kulivusha kwa nguvu. Nilijisifu kwa akili zangu. Karani akavuka nyuma yetu shingo tupu, bila kusumbua mtu.

Langoni palikuwa na mfanyakazi mmoja wa kuwapokea wanyama, mtu wa kaskazini, mpole. Mvua ilikuwa imeshakuwa mvua. Aliniona ninavyolowa akasema, "Wewe ni wa mzee? Enda jikinge. Sisi tunajua kazi, wake tunaachanga nje." Pale mkabala palikuwa na kibanda cha chai. Nikasema hewala, nikaenda. Nilikunywa chai na mandazi mawili, nikasoma ukurasa wa michezo wa gazeti la jana. Niliporudi, dume langu lilikuwa limesimama nje chini ya paa la mabati, linacheua, limevaa kitambaa chekundu. Nililitazama kwa muda. Kisha nikaingia ndani, na mchinjaji, Mwislamu mmoja mtu mzima ambaye hufanya kazi yake kwa bismillahi na kwa kisu safi, alikuwa ameshamaliza. Kwenye kulabu alikuwapo Karani. Ngozi yake ya rangi ya udongo ilikuwa chini sakafuni.

"Wa kitambaa yuko nje," mchinjaji alisema, akidhani nimekuja kumuulizia. "Hapa wanapita wengi, hatutazami sura. Wa kitambaa hatugusi. Hiyo ndiyo alama ya mzee, tangu zamani." Wakati huo ndipo nilipojua kazi ya kile kitambaa. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa mimi. Nilimwambia. Akaweka kisu chini, akasema "Inna lillahi," kama anavyosema mtu akisikia msiba, na yule wa langoni akashika kichwa. Mimi sikushika kichwa. Mchinjaji akauliza, "Sasa huyu wa nje?" Nikajibu kwa sauti ambayo hadi leo naisikia, sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani, "Huyo ndiye niliyemleta. Mchinje." Dume lilikataa kuingia bila mwenzake. Lililala chini langoni, vilevile kama mzee alivyosema, wakalibeba.

Nyama ya wote wawili ilipigwa muhuri, ikaenda Umoja pamoja katika sanduku la mabati lililofungwa kwenye baiskeli. Muuza nyama aliyekuwa akitarajia mmoja wa kunikatia kwa ajili ya sala akapata wawili, na alipouliza, akaelezwa. Niliwaomba mchinjaji na yule wa langoni, na baadaye muuza nyama, wasimwambie mzee. Nilisema nitamwambia mwenyewe, kwamba ni heshima aisikie kutoka kwangu. Walikubali. Kabla sijaondoka kichinjioni, mchinjaji alikumbuka desturi. Kwenye meza palikuwa na vichwa viwili vilivyochunwa, havina pembe, vinafanana. Akachukua kimoja, akakitia mfukoni na miguu minne, akanipa. "Ya mzee," alisema. Nilifikiri kumuuliza kichwa kile ni cha nani. Sikumuuliza.

Nilirudi Njiru alasiri. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na maneno ni kazi yangu, nalipwa kwa ajili ya maneno. Nitasema, "Mzee, nimekukosea." Nitasema, "Mzee, keti kwanza," ingawa alikuwa ameketi tangu asubuhi. Nilipotokea kwenye kona aliangalia nyuma yangu, si mimi. Akaangalia tena. Nikafungua mdomo, na nilichosikia kikitoka ni kwamba Karani amepotea. Nilisema tulipofika Outer Ring honi za malori zilimshtua, akakimbia, nikamtafuta kwenye mvua nisimwone. Nilieleza vizuri sana. Nilitia hata rangi ya lori. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula, akapokea mfuko wake, akamwita mkewe auchukue. "Basi, pole kwa mvua," aliniambia. Nikaondoka haraka.

Jumapili ile tulishukuru Mungu. Wageni walijaa hadi kwenye ngazi, mchungaji akasoma, mke wangu akaimba na wenzake wa kanisani akiwa amekonda bado, na watu wakala wakasifu nyama. Nami nilikula. Mzee nilikuwa nimemwalika, hakuja. Na kwa kuwa naandika ukweli leo, niandike na hili: wiki ile ile, katika nafasi hii hii, nilichapisha safu kali kuhusu wakubwa wasiotaka kuwaambia wananchi ukweli. Barua za pongezi zilinijia kwa wingi. Msomaji mmoja alisema nchi ingekuwa na watu kumi wenye ujasiri kama wangu tungefika mbali. Barua hiyo bado ninayo, sijui ya nini.

Mguu ulipopata nafuu kidogo, mzee alianza kuja Tena siku za Jumamosi. Alisimama langoni kwangu na koti lake la mvua, akabisha, nami nikatoka. Salamu zake zilikuwa zile zile. Aliuliza hali ya mke wangu, akauliza ploti, kisha akasema, "Mwandishi, hakuna habari?" Nami nikamjibu, "Hakuna, Mzee." Nilimkaribisha ndani, mke wangu akamwekea chai, akanywa, akaaga. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Nilidhani anamtafuta Karani, na moyo uliponisuta nilifanya jambo baya zaidi: nilimwambia nimesikia kondoo wa aina ile ameonekana mtaa wa Lucky Summer. Nilitaka tu awe na mahali pa kwenda pasipokuwa kwangu. Alisema, "Lucky Summer," akafikiri, akasema ahsante. Jumamosi nyingine nilimwambia Majengo. Halafu nilikuwa nikikaa nyumbani nikimwona akilini anavyochechemea kati ya nyumba za watu na mguu ule, akiuliza kama kuna aliyeona kondoo, na nilikuwa nikisema leo akirudi nitamwambia. Akirudi, nilikuwa nikimwongezea sukari.

Kazi ya kutembeza kondoo iliisha hapo. Wenye ploti walianza kukodi pikapu, kisha wengi wakauza kondoo wao, kisha wakauza na ploti. Sasa nyumba za mawe zimefika pale tulipokuwa tukifunga ua wa miti. Kila tulipokutana kwenye mabasi na makanisani tulisema mzee amestaafu. Na sote watu wa karibu tulikuwa tunajua. Muuza nyama alijua, na kila mzee alipopita alimpa mkono. Mchinjaji alijua. Yule wa langoni alijua. Mimi nilijua kuliko wote. Nimeishi katika mitaa hii tangu sijaoa, na nadhani tumekuwa mabingwa wa jambo hili kuliko jambo lingine lolote. Ofisini tunajua nani yumo katika orodha na tunamuuliza habari za shamba. Hospitalini tunajua mgonjwa ana nini na tunamwambia apunguze chumvi. Mtu akipeleka faili yake dirishani anaambiwa njoo kesho na karani anayejua kwamba faili haipo. Tunaiita adabu. Tunasema hatutaki kumvunja mtu moyo. Nimewaza wiki hii nzima, na naona kwamba mara nyingi moyo tunaoulinda ni wa kwetu. Mvua za El Niño zilipokuja na barabara ya Njiru ikawa mto, Jumamosi za mzee zilikoma, na nitakuwa mwongo tena nisiposema kwamba nilipumua.

Jumatano nilienda matangani. Nilikuta turubai, viti vya kukodi, wanawake wa kanisa wakipika, na wanaume wa rika langu wakizungumzia bei ya jeneza na gari la kumpeleka Ukambani. Mjane alikuwa chumba cha ndani, ameketi kwenye mkeka, kanga imefungwa kichwani. Nilimpa pole. Alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo. Wenzake walipotoka kuangalia chakula, niliona hakuna siku nyingine. Nikamwambia, "Mama, kuna jambo nilikuwa niseme kwa Mzee." Nikaanza na kitambaa, nikafika kwenye chai, nikafika kwenye kulabu. Nilimwambia yote, bila kupamba. Sikulia. Yeye pia hakulia. Alipokuwa akisikiliza alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Mwandishi," alisema, "hayo tunajua."

Nikamuuliza nani aliwaambia. Nilidhani ni muuza nyama.

"Hakuna mtu alituambia. Siku ile ulipoenda, mzee alifungua ule mfuko, akashika kile kichwa akaangalia meno. Meno yalikuwa yameisha, yale ya mbele mawili hayapo. Kondoo yako ilikuwa kijana. Akaniambia, huyu ni Karani. Hatukupika. Alichimba hapo nyuma akazika, na vile mguu wake ulikuwa umevimba."

Nje wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa pili, nami nilikuwa nikihesabu akilini Jumamosi zile. Nikamuuliza, basi kwa nini alikuwa akizunguka kumtafuta Lucky Summer na Majengo?

"Lucky Summer hakuenda," alisema. "Angeendaje na mguu kama ule? Alikuwa akitoka hapa anakuja kwako. Ni hapo tu. Mimi nilimwambia, wewe nenda umuulize yule mtu waziwazi, umalize. Akakataa. Aliniambia, nikimuuliza atajibu, na mimi sitaki anijibu. Nataka aniambie." Alikohoa kidogo. "Kila Jumamosi akifunga viatu alikuwa anasema, leo atasema. Akirudi sikuwa namuuliza. Nilikuwa naona tu vile anavua hivyo viatu."

Nikasema, "Mama, nimekuja kusema sasa. Nisamehe."

Alinitazama bila chuki. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na chuki, ingenipunguzia. "Mimi nimekusamehe zamani," alisema. "Lakini si mimi nilikuwa nangoja."

Wanawake wakaingia na sahani, nikapewa chakula, nikala kidogo, nikaaga. Nilirudi Tena kwa miguu. Nilipofika langoni nilisimama pale alipokuwa akisimama mzee, kisha nikaingia. Mke wangu aliniuliza matanga yalikuwaje nikasema watu walikuwa wengi. Kisha nikamwambia ngoja, nikaketi naye, nikamweleza yote, kwa sababu naye hakuwa akijua. Kwa muda wote huo alidhani anamnywesha chai mgeni aliyependa kututembelea.

Nimetafuta cha kujitetea katika mambo haya sikukipata. Aibu niliijua, nikaibeba, nikaizoea. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna mtu anaweza kujua kosa lako lote, asikuhukumu, asikudai, akaja mlangoni kwako tena na tena na mguu mbovu ili akupe nafasi ya kuwa muungwana, na wewe ukamwona ni msumbufu. Nafasi ile imepita, na safu hii haiwezi kuirudisha. Hata nikiandika kurasa kumi, yule mmoja aliyengoja hatazisoma. Kwa hiyo msomaji, kama kuna jambo unalolijua na kuna mtu anayestahili kulisikia kutoka kinywani mwako, usingoje wakati mzuri na usitafute maneno mazuri. Nenda leo, angali anaweza kukukasirikia.